Taa za tahadhari zinazorudi: kinachotokea katika magari ya safari yaliyoongezewa vifaa

Katika karakana za Arusha na Nairobi, gari aina ya Toyota Land Cruiser au Land Rover hupokelewa likiwa la kawaida na hutoka likiwa limerefushwa chasisi, limewekewa paa la kufunguka, viti vya ziada, friji ya vinywaji, redio ya mawasiliano, soketi za kuchajia kamera za wageni na taa kubwa za mbele. Kazi hiyo imekuwa fani yenye sifa katika nchi hizo mbili jirani, na magari yake huonekana hadi kwetu Uganda, yakiwa yamevuka Mutukula au Busia kuelekea Bwindi na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Hata hivyo, wanaoyaendesha wanalijua vyema tatizo moja: taa ya tahadhari katika dashibodi huwaka, hupotea, kisha hurudi. Kifaa kinachotajwa na taa hubadilishwa, fedha hulipwa, na baada ya siku chache barabarani taa ile ile huonekana tena.

Sababu yake kubwa ni kwamba taa haikioni kifaa. Inachokiona ni umeme uliofika kwake kupitia waya, swichi na maungio. Katika gari lililoongezewa vifaa, njia hiyo ya umeme imeguswa na mikono mingi, na aghalabu kasoro imo njiani, si katika kifaa chenyewe.

Tuanze na taa yenye picha ya betri, ambayo hueleweka vibaya kuliko zote. Wengi hudhani kwamba inapima betri, lakini sivyo. Katika alternata nyingi za zamani, taa hiyo imefungwa kati ya pande mbili: upande mmoja hupata umeme kutoka swichi ya ufunguo, na upande wa pili huenda kwenye alternata. Ufunguo ukifunguliwa huku injini ikiwa imezimwa, upande wa alternata hauna umeme, hivyo mkondo hupita katika globu na taa huwaka. Injini inapozunguka na alternata ikaanza kuzalisha, pande zote mbili huwa na volti sawa, mkondo hukosa pa kwenda, na taa huzimika. Taa hiyo, basi, hulinganisha pande mbili, na huwaka zinapotofautiana, bila kujali ni upi ulioshuka.

Chukua mfano wa gari ambalo fundi amechukua umeme wa friji, wa redio na wa soketi za kamera kutoka kwenye waya wa swichi ya ufunguo, kwa sababu waya huo uko karibu na hauhitaji kutoboa bodi. Swichi haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Alternata inatoa volti 14.2, lakini upande wa swichi zinafika 12.9 tu. Tofauti ya volti 1.3 haitoshi kuiwasha globu kikamilifu, ila inatosha kuifanya iwe na wekundu hafifu unaoonekana usiku na kupotea mchana. Dereva huambiwa alternata imekufa. Alternata mpya inafungwa, wekundu unabaki, na fundi wa pili analaumu alternata hiyo mpya. Dawa ilikuwa rilei moja, waya mnene wa kutoka betri moja kwa moja, na fyuzi karibu na kichwa cha betri.

Wekundu hafifu una sababu nyingine pia, nayo ni dayodi iliyoungua ndani ya alternata. Sababu hizi mbili hutofautishwa kwa mita ya umeme ya kawaida, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Injini ikiwa inazunguka na taa kubwa zimewashwa, mita iwekwe kwenye kipimo cha umeme wa kupishana, yaani ule wa majumbani, na ncha zake ziguse vichwa viwili vya betri. Alternata nzima huonyesha kiasi kidogo sana. Ikizidi nusu volti, dayodi ina kasoro, na hapo kuibadilisha au kuifungua alternata ni haki yake.

Katika magari mengi ya Toyota kuna jambo lililowapoteza mafundi wengi. Taa ya betri na taa ya breki huwaka pamoja, na katika baadhi ya magari ya dizeli taa ya maji katika chujio la mafuta huungana nazo. Dereva anayeona alama nyekundu ya breki hukimbilia kwa fundi wa breki, akabadilishiwa pedi na mafuta ya breki, na taa zikabaki pale pale. Kinachotokea ni kwamba mtengenezaji alitaka dereva aweze kuhakikisha kuwa globu hizo ni nzima kila anapofungua ufunguo. Kwa ajili hiyo aliziunganisha, kupitia dayodi ndogo, na waya ule ule wa alternata unaowasha taa ya betri. Alternata isipozalisha, zote huwaka kama vile ufunguo umefunguliwa na injini haijawashwa. Zikionekana pamoja, basi, pa kuanzia ni mkanda wa alternata, plagi iliyo nyuma yake na waya wake mkubwa.

Pamoja na hayo, mtu asiitoe breki katika mashaka haraka mno. Katika baadhi ya injini za dizeli, pampu ya hewa inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alternata na huzungushwa na ekseli yake. Mkanda ukikatika, chaji na msaada wa breki huondoka kwa pamoja, na pedali huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Katika mteremko wa Ngorongoro jambo hilo si dogo. Taa hizo mbili zinapowaka gari likiwa linatembea, dereva apunguze mwendo kwa gia, asimame mahali tambarare, afungue boneti na kuangalia mkanda kabla ya kusonga hata hatua moja.

Taa ya breki ikiwaka peke yake hadithi hubadilika. Mara nyingi mafuta ya breki yako karibu na alama ya chini, na boya lililomo katika chupa yake huyumba gari linapopanda au kukata kona. Taa hupepesa, kisha hutulia barabara inaponyooka. Hilo si tatizo la umeme, ingawa hupelekwa kwa fundi umeme karibu kila mara. Pedi zimelika au mafuta yanavuja.

Tukirudi kwenye vifaa vya nyongeza, adui mkubwa kuliko wote ni ethi, yaani njia ambayo umeme hurudi nayo kwenye betri kupitia injini, chasisi na bodi. Waya wa kwenda huonekana na hutunzwa, wa kurudi husahauliwa. Chasisi inaporefushwa, vipande vipya huchomelewa na kupakwa rangi nzito ili kuzuia kutu. Boliti ya ethi ikifungwa juu ya rangi hiyo, inashika kwa nguvu lakini haipitishi umeme ipasavyo. Kisha huja vumbi. Vumbi la Amboseli na la kandokando ya Ziwa Natron lina magadi, na likipata unyevu hula shaba taratibu, likaacha ungaunga wa kijani ndani ya waya ambao kwa nje unaonekana mzima. Barabara iliyokunjika kama bati, kama zilivyo nyingi za Serengeti na za kaskazini mwa Kenya, humalizia kazi kwa kutikisa kila ungio kwa saa nyingi mfululizo.

Ethi mbaya ina tabia ya kuzalisha miujiza. Dereva akiwasha taa ya kona, kipimo cha mafuta kinapanda. Akikanyaga breki, taa ya injini inawaka. Friji ikianza kufanya kazi, taa ya ABS inajitokeza. Kila kimoja kikitafutiwa dawa yake, hakuna kitakachopona, kwa kuwa umeme uliokosa njia yake halali unarudi kupitia vifaa vingine. Mambo mawili yasiyohusiana yakitokea pamoja, ni vyema kushuku ethi kabla ya kitu kingine chochote.

Kuipima kunahitaji dakika kumi. Injini izunguke, taa kubwa, feni na friji viwashwe ili kuwe na mzigo wa kweli. Mita iwekwe kwenye volti za umeme wa moja kwa moja. Ncha moja ibaki kwenye kichwa hasi cha betri, na ya pili iguse chuma cha injini, halafu chasisi, halafu bodi, halafu boliti ya ethi iliyo nyuma ya dashibodi. Kila mahali panapaswa kuonyesha karibu sifuri. Ikizidi volti 0.2, kati ya hapo na betri pana ungio lililochoka. Lifunguliwe, likwanguliwe hadi chuma king'ae, lifungwe upya na kupakwa grisi kwa juu ili maji yasiingie. Kupima kwa omu gari likiwa limezimwa hakusaidii sana: uzi mmoja uliobaki katika waya wa nyuzi hamsini utaonyesha kwamba njia iko wazi, lakini hauwezi kubeba mzigo.

Upande wa kwenda nao hupimwa kwa njia hiyo hiyo, kwa kulinganisha kichwa chanya cha betri na kituo kikubwa cha alternata. Betri iliyojaa na kupumzika huwa na takriban volti 12.6, na injini inapozunguka zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Zikiwa 14.2 kwenye alternata na 13.3 kwenye betri, alternata haina kosa.

Mizigo yenyewe nayo ifanyiwe hesabu, jambo ambalo wamiliki wengi hawalifanyi. Inveta ya wati 1,000 inapofanya kazi kikamilifu huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka betri ya volti 12. Winchi inayonasua gari kwenye tope inaweza kupita ampea 300. Betri ya pili huwekwa kwa ajili hiyo, lakini ikiungwa na ya kwanza kwa waya tu, bila rilei ya kuzitenganisha, iliyochoka huinyonya iliyo nzima usiku kucha. Asubuhi injini inapowashwa volti hushuka ghafla, kompyuta za gari hukosa umeme wa kutosha kwa sekunde moja au mbili, nazo huandika hitilafu na kuwasha taa. Mashine ya kusoma hitilafu itataja kifaa fulani kwa jina, na kifaa hicho ni kizima. Hitilafu nyingi zilizoandikwa kwa pamoja wakati wa kuwasha injini ni sababu ya kuipima betri kwanza.

Wenye magari ya volti 24 wana mtego wao. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli hutumia betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo. Redio na friji nyingi ni za volti 12, na fundi asiye mwangalifu huchukua umeme wake kutoka betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo hubaki na njaa huku mwenzake akishibishwa kupita kiasi hadi maji yake yakachemka. Kipimo cha jumla huonyesha 28, na kila mtu huridhika. Kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 ndicho kinachotakiwa hapo, wala hakuna njia ya mkato.

Uchomeleaji nao huacha majeraha. Mtu anayechomelea kishikio cha jerikeni au kinga ya mbele bila kutoa vichwa vya betri na plagi za kompyuta hupitisha mkondo mkubwa ndani ya gari zima. Dayodi ya alternata inaweza isife siku hiyo. Hudhoofika, na hufa wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kishikio kile. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi linapaswa kuwa: nini kilifanywa kwenye gari hili kabla taa haijaanza kuwaka?

Kubadilisha globu za dashibodi kwa zile za LED, ambako siku hizi kumekuwa mtindo, kuna athari isiyotarajiwa. Katika alternata za zamani, zikiwemo za Lucas zilizofungwa kwenye Land Rover nyingi, mkondo mdogo unaopita katika globu ya chaji ndio unaoiamsha alternata. LED hupitisha mkondo mdogo mno, na alternata hulala hadi injini ipigishwe kelele. Globu ya kawaida irudishwe katika tundu hilo moja, zilizobaki ziwe za LED apendavyo mwenyewe.

Redio za masafa marefu nazo hustahili kutajwa. Antena yake ikipitishwa kandokando ya nyaya za kompyuta ya injini, taa inaweza kuwaka kila dereva anapobonyeza kitufe cha kuzungumza, na kuzimika anapokiachia. Kuhamisha waya wa antena sentimita chache mara nyingi hutosha.

Katika magari yenye ABS, kuinua springi huleta tatizo la namna yake. Kila gurudumu lina kihisio chenye waya mwembamba unaopita kwenye ekseli. Gari likiinuliwa, gurudumu hushuka zaidi ya lilivyokusudiwa linapopita shimoni, na waya huo huvutwa. Shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima. Gari likisimama karakanani, ncha zinagusana na kila kipimo ni safi. Likiingia porini, zinaachana. Fundi anayelipima likiwa juu ya sakafu ya saruji hawezi kulipata kosa hilo. Anyanyue ekseli moja kwa jeki, aache gurudumu lining'inie, auchezeshe waya huku mita ikiwa imeunganishwa. Chembechembe za chuma zilizonata kwenye sumaku ya kihisio, tope lililokauka na beringi iliyolegea vinaweza kuwasha taa hiyo hiyo. Tairi kubwa zikiwa nne za kipimo kimoja haziisumbui sana ABS, zaidi ya kuudanganya mwendo unaosomwa. Lakini tairi ya akiba yenye kipimo tofauti, ikifungwa baada ya pancha, huonekana na kompyuta kama gurudumu linalokimbia peke yake.

Wenye Land Rover Discovery ya toleo la pili, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2004, wanazijua taa tatu zinazowaka kwa pamoja: ABS, kizuia utelezi na kidhibiti cha mteremko. Vihisio vya magurudumu hushukiwa kwanza, na wakati mwingine ndivyo vyenye kosa. Hata hivyo, chanzo kinachojulikana sana katika gari hilo ni swichi ndogo zilizomo katika kizimba cha vali za ABS. Kwa kuwa mfumo ni mmoja, kosa moja huzima huduma zote tatu. Breki za kawaida hubaki, lakini dereva aliyezoea kushuka mlimani kwa msaada wa kidhibiti anapaswa kujua kwamba hana msaada huo tena.

Ipo pia taa isiyo na hitilafu kabisa. Katika Land Cruiser nyingi za dizeli, taa ya mkanda wa taimingi huwaka kilomita 100,000 zinapotimia. Hiyo ni kalenda. Mkanda hubadilishwa na taa hurejeshwa katika sifuri. Wako wanaoirejesha taa bila kubadilisha mkanda, na mkanda huo ukikatika injini huharibika vibaya.

Udanganyifu huo hutufikisha kwenye jambo linalowahusu hasa wanaonunua magari yaliyotumika, yakiwemo yanayovuka mpaka kuja huku. Taa inayosumbua ni rahisi kuinyamazisha. Globu hutolewa, au kipande cha utepe mweusi hubandikwa nyuma ya alama yake, na mnunuzi huonyeshwa dashibodi tulivu. Kwa sababu hiyo dashibodi isikaguliwe injini ikiwa inazunguka tu. Mnunuzi aombe injini izimwe, aketi mwenyewe kwenye kiti cha dereva, na kufungua ufunguo bila kuwasha. Taa ya betri na ya oili ni lazima ziwake, na za ABS na injini pia kama gari linazo. Ya breki iwake breki ya mkono inapovutwa. Kisha awashe injini na kuona kila moja ikizimika kwa wakati wake: ya oili na ya betri mara moja, ya ABS baada ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa ufunguo ulipofunguliwa inastahili swali kubwa kuliko taa iliyokataa kuzimika. Baada ya hapo awashe friji, taa zote na feni, asubiri dakika tano, na kuangalia tena, ikiwezekana jioni, wakati wekundu hafifu hauwezi kujificha.